Wembe Ukifika Shingoni

Mashavu hayampimi kinyozi. Shavu ni pana, lina mfupa nyuma yake, nywele zake karibu zote zinaelekea chini, na kijana aliyeanza kazi juzi anaweza kulisafisha bila kumwaga tone la damu. Shingo ni habari nyingine. Ngozi yake imelegea, chini yake hakuna mfupa wa kuegemea, kikoromeo kinapanda na kushuka kila mteja anapomeza mate, na nywele zimeelekea huku na huku kama watu waliotawanywa na mvua sokoni. Ukiwa mgeni huku Wamaza, kusini mwa Maniema, na unatafuta mtu wa kukunyoa kati ya Kasongo na Kabambare, usiwatazame wateja wanaotoka kibandani wakinukia sabuni. Watazame walionyolewa juzi, na uwatazame chini ya taya.

Wembe ninaouzungumzia ni ule unaokunjwa, wenye makali upande mmoja na mgongo mnene upande wa pili. Zamani ulikuwa kipande kimoja cha chuma cha pua, kazi ya mafundi wa Sheffield kule Uingereza au Solingen kule Ujerumani. Mwenye nao aliunoa juu ya jiwe mara chache kwa mwaka, na kila asubuhi aliupitisha kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, maana ukitanguliza makali unauchana ukanda na kuyaua makali yenyewe. Siku hizi vibandani unakutana zaidi na mdogo wake: mpini wa chuma unaokunjwa vile vile, lakini ndani yake hutiwa nusu ya wembe mwembamba wa dukani, ule ambao King Camp Gillette alipewa hataza yake Marekani mwaka 1904. Fundi anauvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, anachomeka nusu, anafunga. Pembe ya kunyolea ni ile ile na hatari ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba makali hayanolewi tena, yanatupwa.

Nywele za kichwani zimeshachukuliwa na mashine, inayokula umeme wa paneli ya jua au wa jenereta. Shingo na mstari wa ndevu vimebaki mikononi mwa wembe, na siku betri ikizimika hata kichwa kinaurudia wembe.

Wala kunyoa kwa wembe si jambo lililoingia na vioo vya saloni. Kabla misafara ya pwani haijafika Lualaba, wahunzi wa Wasongye, Waluba na jirani zao walikuwa wakifua nyembe za chuma, na baadhi ya nyembe za Kongo za enzi hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya Ulaya. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakaja waungwana wa pwani, ukaja Uislamu, na pamoja navyo kichwa kilichonyolewa chini ya kofia, masharubu yaliyopunguzwa, ndevu zilizowekwa mpaka. Kasongo ikawa makao makuu ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la kamanda Dhanis wa Dola Huru ya Kongo lililoutwaa mji huo tarehe 22 Aprili 1893, aliandika kwa mshangao juu ya anasa walizozikuta humo: mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo. Mimi sioni namna mji wenye vikombe vya fedha ungekosa wembe wa kumsafisha bwana wake shingo kabla ya sala ya Ijumaa.

Kazi yenyewe huanza kabla wembe haujafunguliwa. Fundi huweka vidole shingoni, pakiwa pakavu, na ndevu ziwe na siku mbili au tatu, kwa kuwa zilizonyolewa jana hazimwambii kitu. Anapapasa kwenda chini, halafu juu, halafu kuelekea sikioni, halafu kuelekea kikoromeoni. Kidole kikiteleza, kinafuata mlalo wa nywele. Kikikwaruzwa, kinakwenda kinyume chake. Kwa wanaume wengi mlalo hubadilika mahali fulani kati ya taya na kikoromeo. Juu zinashuka, chini zinapanda, na chini ya kona ya taya zinalala ubavu au kuzunguka kabisa. Upande wa kulia haulazimiki kufanana na wa kushoto. Mtu anaweza kunyoa ndevu miaka mingi asijue hili juu ya shingo yake mwenyewe: anashusha wembe kutoka juu hadi chini alivyomwona baba yake akifanya, na kila mara nusu ya shingo inanyolewa kinyume. Ukimuuliza kwa nini vipele vinamtoka mahali pale pale, atalaumu sabuni.

Halafu maji. Methali inamtaka anayengoja zamu atie maji, na kiufundi iko sahihi kabisa. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowekwa dakika mbili tatu katika maji ya moto na povu, unavimba, unalainika, na unakatika kwa nguvu ndogo zaidi. Kasoro ya vibanda vingi ni kwamba shingo ndiyo inayonyimwa. Mashavu yanapakwa povu zito, shingo inapata mabaki, na wembe unapoifikia povu limeshakauka. Fundi anayejali huacha taulo la moto shingoni wakati ananyoa mashavu, kisha anapaka povu upya. Akiniona nina haraka, ananiacha niwe na haraka yangu.

Wembe ukishagusa ngozi, mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi kubwa, ingawa macho ya wote yako kwenye wa kulia. Wembe hauikati ngozi iliyotulia. Unaikata ile inayojikunja mbele yake, na shingoni ngozi hujikunja kwa urahisi. Basi vidole vya kushoto vinaivuta kuelekea upande ambao wembe unatoka, na wembe unafuata ukiwa umelazwa, mgongo wake karibu na ngozi, pembe isiyozidi nyuzi 30 hivi. Ukiusimamisha zaidi ya hapo unakwangua. Ukiulaza mno unang'oa. Mapigo yawe mafupi, urefu wa pingili ya kidole, na uzito uwe wa wembe peke yake. Kitu kimoja hakisamehewi: kuutelezesha wembe ubavu, kufuata urefu wa makali yake. Hapo haunyoi tena, unachanja.

Kikoromeo hakinyolewi mahali kilipo. Ngozi iliyokifunika huvutwa kando, ikalala juu ya nyama laini ya upande wa kulia, ikanyolewa huko kwenye uwanda, ikaachiwa irudi. Kisha inavutwa kushoto. Kwa njia hiyo wembe haupandi kilima hata mara moja. Mteja mwenye kikoromeo kikubwa ataambiwa: "Papa, meza mate, ubaki hivyo hivyo." Anapomeza, kikoromeo kinapanda na ngozi ya chini inanyooka kwa muda mfupi, na muda huo ndio unaotakiwa. Asiyefundishwa husubiri kimya kitulie, halafu mzee wa watu anameza mate wembe ukiwa juu yake.

Kona ya taya, chini ya sikio, inahitaji uso ugeuzwe upande wa pili na ngozi ivutwe nyuma, kuelekea kisogoni, mpaka shimo lile lijae. Nywele za hapo ndizo zinazozunguka, kwa hiyo mkono unabadilisha njia mara mbili tatu ndani ya nafasi ndogo. Chini ya kidevu kichwa hurudishwa nyuma na hutumiwa ncha ya wembe badala ya kati yake. Pale kando ya koo, ambapo mshipa unaonekana ukidunda, ufundi wala hauna ugumu mkubwa; ugumu uko katika imani. Mazungumzo ya saloni, yawe ya Kinshasa au ya mpira, hukatika yenyewe wembe ukifika hapo. Sijapata kuona mtu akimbishia kinyozi wake siasa kichwa kikiwa kimeelekezwa darini.

Kinyozi hajinyoi, na shingo ni sababu tosha. Ukijinyoa nyumbani unahitaji mkono mmoja uvute na mwingine ukate, macho yatazame kioo kinachogeuza kulia kuwa kushoto, na kidevu kiwe juu kiasi cha kukufanya uone pua zaidi ya shingo. Wanaoiweza kazi hii wamejifunza kuushika wembe kwa mkono wa kushoto wanaponyoa upande wa kushoto. Mengine ni kubahatisha.

Mpaka hapa vinyozi wengi na mimi tunakubaliana. Tunaachana kwenye swali la kunyoa mpaka wapi. Mteja anapapasa shingo kutoka chini kwenda juu, anasema bado, na kinyozi, asiyetaka kupoteza fedha wala sifa, anairudia shingo nzima kinyume cha mlalo, ngozi ikiwa imevutwa kwa nguvu zote. Jioni ile shingo ni kioo. Siku tatu baadaye ni vipele.

Sababu inajulikana vizuri. Mwaka 1956 madaktari wawili wa ngozi wa Marekani, Strauss na Kligman, waliyaeleza maradhi haya ya ndevu kwa undani. Unywele wetu umejipinda tangu ndani ya ngozi. Ukikatwa, ncha yake inabaki kali. Ukikua, unapinda na kuirudia ngozi, unaichoma, na mwili unaushambulia kama mwiba. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi: ngozi ikivutwa sana wakati wa kunyoa, unywele unakatwa chini ya uso wa ngozi. Ngozi ikiachiwa, ncha inazama ndani, na inapoanza kukua inatoboa ukuta wa kishimo chake kabla haijaona jua. Kwa askari weusi wa jeshi la Marekani jambo hili limezua ubishi wa miongo mingi, kwa kuwa kanuni inadai kidevu kitupu na daktari anaandika kibali cha kutonyoa. Kwa mwanamume wa Wamaza hakuna kanuni wala kibali, kuna kola ya shati tu inayosugua vipele mchana kutwa.

Kwa hiyo fundi wa wembe anabanwa kutoka pande mbili. Asipoivuta ngozi, atakata. Akiivuta mno, atazika nywele. Anayejua huivuta kiasi cha kuondoa mkunjo na kuishia hapo, hunyoa mara moja kwa kufuata mlalo, na panapobaki panakwaruza hupita mara ya pili kwa kukata mlalo ubavu, si kinyume. Nyembe za plastiki zenye makali matatu au matano, ambazo matangazo yake yanasifu ukaribu wa kunyoa, hufanya kile kile tunachokikimbia: ukali wa kwanza unauinua unywele, unaofuata unaukata, na kilichobaki kinazama. Wembe wenye ukali mmoja katika mkono mtulivu unaifaa shingo yetu kuliko mashine hizo za bei ghali. Na shingo iliyonyolewa vizuri, kwa hukumu yangu, ni ile ambayo jioni ukiipapasa kinyume bado inakwaruza kidogo. Mteja anayetaka kioo anaomba vipele.

Swali la mpaka linawahusu zaidi wenye kufuga ndevu, na Kasongo, mji wa misikiti, wako wengi. Je, nywele za kooni ni sehemu ya ndevu? Wapo wanaosema ndevu ni zile zilizoota juu ya mifupa ya taya na kidevu, za chini yake zinaondolewa bila neno. Wapo wanaoona vizuri ziachwe. Kinyozi hatoi fatwa, anauliza. Akiruhusiwa, kosa lake la kawaida ni kuupandisha mpaka hadi kwenye ukingo wa taya, na mtu anaposhusha kichwa kidevu kinaonekana kimevuliwa nguo. Vidole viwili juu ya kikoromeo panatosha, na mstari upande taratibu kuelekea nyuma ya sikio.

Shingo ngumu kuliko zote lakini haina hata unywele mmoja wa ndevu. Ni ya mtoto wa siku saba. Kwa Waislamu ni sunna siku hiyo mtoto achinjiwe akika, apewe jina, anyolewe kichwa, na sadaka itolewe ya fedha yenye uzito wa nywele zake. Mtoto huyo hawezi kukishika kichwa chake. Utosi wake bado unadunda. Mikunjo ya kisogo chake ni mingi na ina joto, na nywele za mikunjoni ni laini mno hata hazionekani zikilowa. Hapa mashine haina heshima, watu wanataka wembe. Anayenyoa hukilaza kisogo katika kiganja cha kushoto, huloweka kwa maji ya vuguvugu, huanza juu na kushuka, na akifika shingoni hufungua kila mkunjo kwa kidole gumba. Mtoto akilia, anasimama. Mtoto akilala, anafanya haraka kidogo. Wanaoifanya kazi hii ni wachache kuliko wanaojua kunyoa ndevu, na huitwa nyumba kwa nyumba.

Kwa mtoto huyo hakuna anayethubutu kuleta wembe uliotumika. Kwa wakubwa, uangalifu hupungua. Hewa yetu ni ya joto na unyevu, mkwaruzo mdogo hugeuka kidonda upesi. Msafiri Livingstone mwenyewe, aliyekuwa Kabambare mwaka 1870 na kuuandika mji Bambarre, alilazwa na vidonda vya miguu siku nyingi asiweze kusafiri. Shingoni, bakteria walio kwenye wembe mchafu hugeuza vipele kuwa usaha katika siku chache. Lakini hilo ni jepesi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa vikiwa hai nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka usiyoiona, kwa muda wa siku saba au zaidi. Watoto wa Kongo huchanjwa dhidi yake ndani ya chanjo ya pentavalenti. Baba zao wengi, wale walioketi kitini, hawakupata. Virusi vya Ukimwi vyenyewe hudhoofika haraka zaidi nje ya mwili, ila si sababu ya kufanya majaribio kwa shingo yako.

Desturi ya kumwagia wembe alikoli na kuuwasha moto inapendeza macho, na mteja huridhika. Moto huo huzimika baada ya muda mfupi sana, na damu iliyoganda kwenye kiungo cha mpini haina habari nao. Kwa mpini, sabuni na brashi kwanza, kisha maji ya klorini au kuchemshwa. Kwa wembe, nusu mpya kwa kila mtu, itolewe kwenye karatasi mbele ya macho yake. Na kinga hii haimngojei daktari wala hospitali; Kasongo ndiyo iliyofundisha wengine hivyo: katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp iliendesha hapa Mradi wa Kasongo, uliosomwa duniani kwa kuonyesha kwamba afya ya mji na vijiji vyake hujengwa na vituo vidogo vilivyo karibu na watu. Kibanda cha kinyozi kiko karibu kuliko kituo chochote. Nusu zilizotumika zitiwe kwenye kopo lenye mwanya juu, lifungwe likijaa, lisitupwe jalalani ambako watoto huokota.

Baada ya kunyoa, maji baridi, na shabu. Kipande cha shabu kilicholoweshwa na kupitishwa shingoni hufunga vijidamu na kubana ngozi. Pia humwonyesha kinyozi makosa yake, kwa sababu huwasha pale tu alipokwangua. Kiwe cha kwako, kisizunguke saloni nzima. Mafuta ya kujichubua na krimu zenye steroidi, ambazo vinyozi wengine hupaka ili vipele vipoe haraka, zikatae. Vipele vinapoa kweli, kisha dawa hizo zinaikondesha ngozi, na wembe unaofuata unakutana na ngozi nyembamba kuliko ya awali.

Vijana, wakiwemo wale wanaotoka kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Salamabila na fedha mfukoni, siku hizi wanataka mstari mkali kisogoni, uliochorwa kwa wembe na kurudiwa kila wiki. Hapo ninawasihi vinyozi wapunguze. Nywele za kisogo zikichokozwa hivyo bila kupumzika, kwa baadhi ya watu huota vinundu vigumu vinavyoungana na kuwa kovu nene, na kovu hilo halirudi nyuma kwa dawa ya dukani. Anayeanza kuona vinundu aambiwe mapema aache mstari, ashike mashine, abakishe nywele fupi. Mwenye vipele vya ndevu aache wembe kwa wiki nne hivi. Katika muda huo nywele nyingi zilizozama hujinyoosha na kutoka zenyewe. Inayoonekana imejikunja juu ya ngozi inainuliwa ncha tu kwa sindano safi, haing'olewi. Kinyozi atampoteza mteja kwa mwezi mmoja. Nawajua wanaoficha ushauri huu kwa ajili hiyo, na shingo za wateja wao nazijua pia.